Sikumuuliza Anapeleka Wapi

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Somo la juma hili ni Ezekieli sura ya 34, na naomba tusivuke aya ya 18 na ya 19. Sura hii tumezoea kuisikia kama habari ya wachungaji wabaya waliojilisha wenyewe. Mahubiri mengi huishia hapo, nasi tunatoka kanisani tumeridhika, maana aliyesemwa ni mwingine. Lakini katikati ya sura Mungu anawaacha wachungaji na kuwageukia kondoo. Anawauliza wale walionona: je, ni jambo dogo kwenu kula malisho mazuri, kisha mkayakanyaga yaliyobaki? Kunywa maji safi, kisha mkayachafua mengine kwa miguu yenu? Na kondoo wengine wa kundi lile lile inabidi wanywe hayo hayo.

Kondoo hawa hawakuiba chochote. Maji yalikuwa yao, walikunywa, wakashiba, wakapita. Kosa lao liko miguuni, mahali ambapo anayekunywa hatazami.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tena mtoni, kwenye kipande chetu cha mto Msimbazi upande wa Tabata, hapa Dar es Salaam. Kwa waliojiunga nasi karibuni: sisi si shirika, wala hatuna fulana. Siku njema tunafika watu 12, siku ya mechi kubwa tunabaki 5, wa jumuiya mbili pamoja na majirani zetu Waislamu. Tunatunza njia ya miguu ya hatua kama 400, na miti michache iliyosalia pembeni yake. (Hizo mechi nazo! Nusu ya jiji ni Wekundu wa Msimbazi, nusu ni watoto wa Jangwani. Timu zote mbili zinaitwa kwa majina ya bonde hili hili, na bonde lenyewe halina shabiki.)

Mto wenyewe unaanzia kwenye vilima vya Pugu, unakatiza jiji kilomita kama 35, unaingia baharini pale Salender. Kwa hiyo sisi wa Tabata tuko katikati. Tunapokea ya wenzetu wa Pugu na Kinyerezi, tunawapelekea wa Kigogo na Jangwani.

Anayetufundisha kazi ni mzee mmoja aliyestaafu kwenye ujenzi wa barabara. Mimi nilidhani kutunza njia ni kufyeka na kufagia. Siku ya kwanza nilikuja na kwanja langu, nikafyeka pembeni hadi udongo ukawa mweupe, nikasubiri sifa. Mzee akatazama, akanyamaza, kisha akasema, "Mama, umemfungulia mlango." Nani? Maji. Njia, anasema, haimalizwi na miguu ya watu, inamalizwa na maji yanayoifuata. Mvua ikishaikuta njia imezama kidogo katikati inaigeuza mfereji, na masika ikiisha unakuta korongo. Kwa hiyo tunainamisha njia upande mmoja, kiasi ambacho jicho halioni lakini tone linajua. Kila baada ya hatua kadhaa tunachimba kijifereji cha mshazari, cha kuyatoa maji njiani kabla hayajapata mbio. Na pale nilipofyeka tukapanda mabingobingo upya ili mizizi ishike udongo wa ukingo. Nilipanda mwenyewe, kwa aibu.

Masika yakija, sehemu ya kazi hii inaondoka. Mwaka jana ilikwenda kama robo. Tunaanza tena.

Taka ndizo zinazotuchukua muda mwingi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, rambo zimepungua kweli, na nasema hivyo kwa sababu nazitoa kwa mikono yangu. Makopo ya maji na soda nayo hayakai, vijana wanaokota kwenda kuuza kwa kilo. Kinachobaki ukingoni ni kile ambacho hakina bei: pampasi, ndala za mguu mmoja, vipande vya godoro, nywele za bandia, vyombo vya chipsi.

Basi Jumamosi hiyo nikaona kitu kimejikunja kwenye mabingobingo. Nikavuta, kikagoma, nikavuta tena, tope likaniruka hadi kwenye miwani. Lilikuwa bango. Nikalisuuza kidogo, herufi zikaanza kutoka: HONGERENI WATOTO WETU KWA KUPOKEA KIPAIMARA. Chini yake tarehe, na jina la jumuiya yetu.

Bango hilo nililichapisha mimi.

Nikakumbuka sherehe ilivyokuwa. Kesho yake uwanja ulijaa sahani za kutupa, vikombe na masalia ya pilau, na gari la taka lilikuwa halijapita mtaani wiki ya pili. Akapita kijana na toroli. Tukaelewana 3,000, akapakia safari mbili, uwanja ukawa safi, nikamshukuru Mungu. Sikumuuliza anapeleka wapi. Nikiwa mkweli zaidi, nilijua vya kutosha kutouliza.

Jumatatu nilimtafuta, huwa anakaa karibu na magenge ya sokoni. Nilikwenda na hasira kidogo, hasira ya mtu anayetaka mwenzake ambebee aibu yake.

"Mwanangu, ule mzigo wa sherehe uliumwaga wapi?"

"Bondeni, mama." Hakuficha hata kidogo.

"Kwa nini bondeni?"

"Dampo liko Pugu Kinyamwezi, mama. Kwa elfu tatu, na toroli?"

Nikakosa jibu, na sijalipata mpaka leo. Kutoka Tabata hadi Pugu Kinyamwezi kwa toroli la kusukuma ni safari ya kumuua mtu. Bei niliyompa ilikuwa bei ya bondeni tangu mwanzo. Nilikuwa nimenunua uchafuzi wa mto kwa 3,000 na kuuita usafi.

Hapo ndipo Ezekieli alipoacha kuwa habari ya watu wengine.

Padri mmoja alituonyesha kitu zamani kwenye semina, nami nilikiandika pembeni ya Biblia yangu bila kujua kitanifaa. Mwanzo 2:15 inasema mtu aliwekwa katika bustani ailime na kuitunza. Neno la Kiebrania lililo nyuma ya "kutunza" ni *shamar*. Neno hilo hilo linarudi sura mbili mbele, mdomoni mwa Kaini, anapouliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake. Linarudi tena katika baraka ya Haruni, Bwana akubariki na kukulinda. Kiswahili chetu kimeyagawa, kutunza bustani huku, kulinda ndugu kule, na sisi tumeyagawa hivyo hivyo maishani. Jumamosi tunatunza mto, Jumapili tunawaombea ndugu. Kumbe ndugu yuko Kigogo, mto unampelekea bango langu.

Desemba 2011 ndugu hao walikuwa juu ya mapaa. Mnaikumbuka ile mvua, siku chache tu baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru. Watu zaidi ya 40 walikufa jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Sisemi mafuriko yaliletwa na sahani za pilau. Mvua ilikuwa kubwa mno, na nyumba zilikuwa zimeufuata mto hadi kitandani mwake. Lakini karavati likishaziba haliulizi kilichoziba kilitoka kwenye sherehe takatifu au baa.

Na bango lingepita Kigogo likapita Jangwani, lingefika Salender kwenye mikoko. Ukipita pale maji yakiwa yamekupwa, tazama chini ya ile miti ya mchu: utaona vijiti vyembamba vimechomoza topeni kwa maelfu. Ni mizizi, imepanda juu kutafuta hewa kwa sababu tope halina. Plastiki ikiifunika, mti unakosa pumzi. Sijui kwa nini picha hiyo inanisumbua kuliko zote. Labda kwa sababu ya pumzi.

Wako wanaoniambia, dada, mnajichosha, serikali itajenga. Ni kweli kuna mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa mwaka 2022, na ndani ya mpango huo kuna kuinua daraja la Jangwani na kutengeneza bustani ya jiji pale bonde la chini. Mimi naifurahia bustani hiyo kuliko wengi, na ninaomba nifike umri wa kukaa kwenye benchi lake na wajukuu. Ila Jangwani iko chini yetu. Siku watakayopanda majani ya kwanza, mgeni wa kwanza kufika bila kadi atakuwa mzigo wa toroli kutoka juu.

Nilipowaonyesha wenzangu bango, nilitegemea watacheka. Bi mkubwa mmoja, jirani yetu Mwislamu ambaye hakosi Jumamosi hata moja na reki yake, alilichukua akalikunja vizuri kama khanga. Akasema kwao imani ina matawi sabini na ushei, na tawi la chini kabisa ni kuondoa chenye kudhuru njiani. "La chini kabisa, mwanangu. Na hilo lenyewe linatushinda." Kisha akarudi kwenye reki.

Nimeliosha bango. Nimelianika uani, na wanangu wananiuliza linafanya nini hapo.

Juma hili, kabla hujatoa taka nje, soma tena aya ya 18. Ombi letu la pamoja ni kwa wanaoishi chini yetu ambao hatuwajui majina, na kwa wasukuma toroli, ambao tunawajua majina na hatuwaulizi kitu.

Jumamosi tunakutana saa 1 asubuhi, pale kwenye mwembe. Mabuti yapo jozi 4, yote makubwa, njoo na soksi nene. Kijana wa toroli amesema atakuja, atatusaidia kupandisha mzigo kutoka ukingoni hadi barabarani, kwa malipo halali safari hii. Kutoka hapo hadi Pugu Kinyamwezi tumepata mtu mwenye kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Anataka 40,000. Mpaka jana usiku tulikuwa na 26,500.