Wiki ya Sifuri Darasa la Tatu

Azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa vipindi vya kufundisha, la wiki ile lilikuwa na mada moja tu ya hisabati: kutoa namba zenye sifuri katikati. Vipindi vitano, Jumatatu hadi Ijumaa, wanafunzi 42. Wiki hiyo imenikaa kichwani kuliko nyingine zote za mwaka ule kwa sababu sifuri haikubaki kwenye hisabati. Tuliikuta kwenye imla, tukaikuta kwenye rula, tukaikuta tena kwenye maharage yaliyokuwa yanaota dirishani, na kila mahali watoto walikwama kwa namna ileile: waliiruka, kana kwamba pasipo na kitu hapana kazi.

Jumatatu tulianza na imla ya namba. Namba kumi, kila moja inasomwa mara mbili, mtoto anaandika kwa tarakimu. Sitini na saba haikumsumbua mtu. Mia mbili arobaini na tisa nayo ilipita. Ilipofika mia nne na mbili, madaftari mengi yaliandikwa 4002. Mtoto anayeandika hivyo amesikiliza vizuri: mia nne ni 400, kisha mbili ni 2, akaviweka sambamba. Kwa mantiki hiyohiyo elfu moja na tano ilikuwa 10005. Kumkata kwa kalamu nyekundu hakumsaidii, kwani kwa jinsi anavyoelewa yeye, hajakosea popote.

Kinachosaidia ni kadi za kupachika. Tulizikata kwenye makatoni, zote kimo cha sentimita 6, lakini upana tofauti: kadi ya mamia sentimita 12, ya makumi sentimita 8, ya mamoja sentimita 4. Kila tarakimu inakaa katika nafasi yake ya sentimita 4. Seti moja ina kadi 27, yaani 100 hadi 900, 10 hadi 90, na 1 hadi 9. Mtoto anaweka 400 chini, anaipachika 2 juu yake kwenye ukingo wa kulia, na sifuri ya mwisho inafunikwa. Ile ya katikati inabaki inaonekana, kwa kuwa hakuna kadi ya makumi iliyokuja kuifunika. Makundi mawili yaliulizia kadi ya sifuri. Haipo, na haitakiwi kuwepo: sifuri imo tayari ndani ya 400. Usahihi wa kukata ni muhimu mno hapa. Upana ukipishana hata kwa nusu sentimita, kadi ya mamoja inaacha kipande cha sifuri kikichungulia pembeni na mtoto anasoma kitu kingine. Kateni kwa kufuata kiolezo kimoja, msipime kila kadi upya.

Jumanne ilikuwa siku ya vijiti, na ndiyo siku iliyobeba wiki nzima.

Kila mwanafunzi alikuwa ameleta vijiti 20 vya urefu wa kidole, jumla 840. Makundi saba ya watoto sita, kila kundi vijiti 102: hiyo ni 714, na vinavyobaki ni akiba ya vile vitakavyovunjika. Kuna anayeweza kuuliza kwa nini tusianze moja kwa moja na 402. Kwa sababu makundi saba yangehitaji vijiti 2,814, na kipindi kizima kingeishia katika kuhesabu. Namba 102 ina ugumu uleule kwa gharama ndogo.

Namna ya kufunga ndiyo inayoamua kama somo litaeleweka. Kwanza vijiti 10 vinafungwa pamoja. Mafungu 10 ya namna hiyo yakikamilika, yanafungwa pamoja kuwa fungu kubwa moja, bila kufungua yale madogo yaliyomo ndani. Ukichukua vijiti 100 vilivyo huru ukavifunga mara moja, mtoto atakapofungua mia hataona makumi, ataona rundo. Na ufungaji uwe wa rababendi. Uzi unakaza fundo, watoto wanaanza kung'ata kwa meno, na dakika zinakwisha kabla hata ya swali la kwanza.

Swali lilikuwa 102 kutoa 38. Juu ya dawati fungu kubwa moja, mafungu madogo hakuna, vijiti viwili. Toa vijiti vinane. Havipo. Watoto wakatazama safu ya makumi, nayo tupu. Msichana mmoja wa kundi la mbele akasema, "Mwalimu, hapa hakuna wa kumkopa." Hilo hasa ndilo nililokuwa nasubiri mtu aliseme kwa sauti. Nikauliza kundi lake, "Na lile fungu kubwa lina nini ndani?" Wakalifungua. Yakatoka makumi kumi, wakayapanga kwenye safu ya makumi. Sasa yupo wa kumkopa. Wakafungua fungu moja dogo, makumi yakabaki tisa, vijiti vikawa kumi na viwili. Toa nane, vinabaki vinne. Toa makumi matatu, yanabaki sita. Jibu ni 64.

Niliwataka wasimame kila baada ya hatua na kuhesabu vyote vilivyo mezani. Mia moja na mbili. Baada ya kufungua mia, bado mia moja na mbili. Baada ya kufungua kumi, vilevile. Watoto wengi wanaamini kwamba kukopa kunaipunguza namba, na imani hiyo haitoki kwa maelezo ya ubaoni. Inatoka kwa kuhesabu tena na kukuta hakuna kilichopungua.

Jumatano tulihamia kwenye maandishi. Madaftari yalichorwa safu tatu, mamia, makumi na mamoja, na swali likawa 402 kutoa 178. Juu ya 4 andika 3. Juu ya 0 andika 10. Halafu hiyo 10 ikatwe, iandikwe 9, na 2 igeuke 12. Jibu ni 224, na tunalithibitisha kwa kujumlisha: 224 na 178 ni 402. Nilidai kila mtoto aandike 10 kwanza kabla ya 9, hata wale wepesi waliokwisha kuona njia ya mkato. Mtoto anayeruka moja kwa moja kwenye 9 leo, kesho atakuwa amesahau ilitoka wapi, na wiki ijayo ataiweka hata pale isipotakiwa. Nikawasimulia kwa ufupi juu ya Brahmagupta, mwanahisabati wa India ambaye mwaka 628 aliandika kanuni za kujumlisha na kutoa kwa kutumia sifuri. Walipenda sana kusikia kwamba kuna mtu mzima aliyekaa chini kuandika kuwa namba ukiitoa kwa yenyewe unapata sifuri.

 

Maharage tulikuwa tumeyapanda Alhamisi ya wiki iliyotangulia, katika chupa nne za plastiki zilizokatwa shingo, zenye pamba ndani na mbegu tatu kila moja. Tatu, kwa sababu ukiweka moja tu nayo ikawa mbovu, jaribio lote linapotea. Ya kwanza ilipata maji na mwanga. Ya pili haikupata maji. Ya tatu ilipata maji lakini ilifungiwa kabatini gizani. Ya nne ilijazwa maji hadi mbegu zikazama. Mbegu hazikulowekwa usiku kabla ya kupandwa, ingawa wengi hufanya hivyo ili ziote haraka. Ukiloweka, hata chupa ya pili inaanza na maji, na ulinganisho unaharibika.

Ilipofika Alhamisi mashina yalikuwa yamechomoza, tukaanza kupima. Hapo ndipo vurugu ya rula ilipoanza. Mche uleule ulipata vipimo vitatu kutoka kwa watoto watatu. Mmoja aliweka alama ya 1 kwenye pamba, kwa sababu kuhesabu huanza na moja, akazidisha sentimita nzima. Mwingine aliweka ncha ya rula, lakini rula yake ilikuwa na uwazi kabla ya alama ya 0, kwa hiyo kipimo chake kikapungua. Wa tatu alipima sawasawa, ila pamba ilikuwa imekauka na kushuka tangu asubuhi. Hilo la pamba tulilitatua kwa kuchora mstari wa kalamu ya wino kwenye chupa, na kukubaliana kwamba hapo ndipo sifuri ilipo kwa wiki zote, pamba ishuke isishuke.

Kwa rula tulitumia vipande vya karatasi. Simamisha ukanda wa karatasi wenye upana wa sentimita 2 kando ya mche, ncha ya chini ikae kwenye mstari. Weka alama kwenye ncha ya mche, kata hapo, kisha laza ukanda mezani na uupime kuanzia alama ya 0. Faida yake kubwa inakuja baadaye: ukanda hautupwi, unabandikwa kwenye bango juu ya tarehe yake, na baada ya siku chache darasa lina grafu ya pao ambayo hakuna mtu aliyefundishwa kuichora.

Chupa ya pili ikaleta swali. Haikuota kitu. Waliopewa kazi ya kuipima wakasema hawana cha kubandika, kwa hiyo tarehe yao wasiiandike. Tukajadiliana hadi wenyewe wakakubali: tarehe inaandikwa, nafasi inaachwa, chini yake 0. Siku iliyopimwa ikatoka sifuri si sawa na siku ambayo hakuna aliyepima. Mtu akija kusoma bango lazima aweze kuzitofautisha.

Kilichowashangaza zaidi ni kabati. Mche wa gizani ulikuwa mrefu kuliko wa dirishani, na darasa likahitimisha kwamba mimea hupenda giza. Hitimisho hili hutokea karibu kila jaribio hili linapofanywa, na mwalimu asikimbilie kulifuta. Niliwaomba waiweke miche yote miwili mezani waitazame bila kupima. Wa gizani ulikuwa mwembamba, umepauka njano, majani madogo, umelala. Ulikuwa unatumia akiba ya chakula iliyomo ndani ya mbegu kurefusha shina kutafuta mwanga, na bila mwanga hauwezi kutengeneza rangi ya kijani wala chakula kipya. Tuliacha chupa hiyo iendelee ili waone akiba ikiisha. Ya nne ilikuwa imeanza kunuka. Mbegu zilikosa hewa zikaoza, tukaimwaga.

Kipindi cha mwisho siku hiyo kilikuwa cha kuzidisha kwa sifuri: vikombe sita vitupu, hesabu vilivyomo. Dakika kumi zilitosha.

Jaribio la hisabati la Ijumaa lilikuwa na maswali matano tu, yaliyochaguliwa ili kila kosa litoe jibu lake. Swali kama 408 kutoa 105 halifai, kwa sababu asiyeelewa chochote naye anapata 303. Lakini chukua 305 kutoa 147. Aliyeelewa anapata 158. Anayetoa tarakimu ndogo kutoka kubwa bila kujali ipi iko juu anapata 242. Anayekopa kutoka mamia lakini akasahau kupunguza 10 kuwa 9 anapata 168. Vivyo hivyo 500 kutoa 263: jibu ni 237, na makosa hayo mawili yanatoa 363 na 247. Kwa hiyo nikisahihisha sihitaji kubahatisha mtoto alifikiri nini. Jibu lenyewe limesema.

Madaftari yakagawanyika mafungu matatu. Wenye makosa ya aina ya 242 walikuwa wachache, na hao Jumatatu iliyofuata walirudishiwa vijiti na 102 kutoa 38 tangu mwanzo. Wa 168 walikuwa wengi zaidi, na hawakuhitaji kutoa chochote. Walipewa jedwali la safu tatu na kazi moja: geuza mamia 3 kuwa mamia 2, makumi 9 na mamoja 10, kisha 500, kisha 701, kisha 604, mpaka ile 9 iwatoke mkononi bila kuulizwa. Waliopata 158 walipewa 1,003 kutoa 456, ambayo ina sifuri mbili zinazofuatana, wakajadiliane wenyewe kwa wenyewe.