Usimwambie nahodha kuwa mgeni wako ni mchawi

Haya, kuna watu walinitaka nihadithie hii tokea mwaka jana nikawa napiga chenga tu, leo umeme umekatika na simu ina chaji asilimia 40, kwa hiyo naandika mbio mbio, mkikuta herufi zimerukana nisameheni.

Mie nafanya kazi gesti moja hapa Chake Chake, Pemba. Kaskazi ndo imeanza kutulia, akaja mgeni mwanamke wa makamo kutoka Scotland, peke yake na begi moja la mgongoni. Siku ya pili naingia chumbani kwake kubadilisha mashuka, nakuta katandika kanga kitandani na juu yake kapanga vitu vya pwani kwa duara. Kauri ndogo ndogo za njano, kipande cha chupa ya soda kilichosuguliwa na mawimbi mpaka kikawa kama sabuni iliyobakia kidogo, kijiti cha mkoko kilichokauka, tumbawe jeupe, unyoya wa ndege, na katikati kichupa cha maji ya bahari kimefungwa uzi mweupe shingoni. Nikasimama mlangoni na mashuka yangu mkononi. Bismillahi.

Kaniona nimeganda akacheka, akanambia yeye ni mchawi wa bahari. Kasema hivyo hivyo, kwa lugha yao lakini, kirahisi kabisa, kama mtu anavyosema mie ni mwalimu wa hesabu. Akanikalisha akanieleza kuwa kwao watu wa namna hiyo wapo wengi, hawamdhuru mtu, wanachofanya ni kuokota vitu vilivyoletwa na bahari yenyewe ufukweni wakavitumia nyumbani. Chumvi ya kusafishia nyumba iliyoingia ugomvi, maji ya bahari ya kulaza nje usiku wa mwezi mpevu, kauri ya kuitia riziki. Na ukiwa na jambo linakuchoma unaliandika mchangani maji yakiwa yamekupwa, unakaa pembeni mpaka yajae yalichukue.

Namsikiliza huku moyoni nasema huyu mama mbona anahadithia mambo ya bibi yangu.

Ila neno ndo lina kazi. Huku kwetu mchawi ni mchawi, hana mzuri wake. Anayetibu ni mganga au fundi, anayetazamia ni mpiga ramli, na mchawi ni yule anayetoka usiku na nia yake. Na sie Wapemba tunajua zaidi ya wote uzito wa neno hilo maana tumebebeshwa sana, ukifika Unguja au bara ukisema kwetu Pemba kuna mtu anasogeza kiti nyuma kidogo, kwa mzaha ati, lakini anasogeza.

Sasa mie najua yote hayo na bado nikafanya ujinga. Mgeni alitaka kwenda kisiwa cha Misali siku za bamvua, yale maji makubwa yanayojaa na kupwa sana, nikenda bandarini Wesha kumtafutia boti. Nahodha ni mtu mzima namwita ami, tunajuana na nyumbani, nikampa chechei na khabari za watoto kisha nikamwambia nna mgeni wa Misali kesho.

"Hapana neno. Anakwenda kuzamia?"

"Hapana ami, yeye ni mchawi wa bahari, anataka tu kuokota..."

Sikumaliza. Alikuwa anakunja kamba, akaiacha ikaanguka.

"Mwanangu, mie nna watoto sita."

Nikajaribu kurekebisha, nikasema basi tuseme ni mganga, ikawa mbaya zaidi kwa sababu sasa akauliza kaja kumtibu nani, na nani kamwita, na vijana wawili waliokuwa wanatoa maji ndani ya ngalawa wakasimama kusikiliza. Nikampigia bibi wasapu pale pale. Bibi akacheka mpaka akakohoa, akasema mpe simu huyo nahodha, wakazungumza wenyewe, sijui alimwambia nini, nilichosikia ni mwisho tu: "huyo ni muokota kombe za pwani, baba, kama mamako alivyokuwa." Nahodha akakubali, ila hela kaitaka mkononi kabla boti haijatoka.

Kwa asiyeijua Misali, ni kisiwa kidogo magharibi ya Chake, kama saa moja hivi kwa mashine. Jina lake lina hadithi, wazee wanasema Nabii Hadhara alifika pale akawaomba wavuvi msala wa kusalia, wakawa hawana, akasema basi kisiwa hiki ndo msala wangu, na ukikitazama kimelala kuelekea kibla. Ndani yake kuna mapango ambayo mpaka leo watu wanakwenda na ubani na nadhiri zao. Tokea 1998 ni eneo la hifadhi pia. Kwa hiyo hata ukiwa huamini mambo ya mapangoni, kuna askari.

Mgeni alikuwa na apu ya maji kujaa na kupwa kwenye simu yake, anaifungua kila dakika kumi. Nahodha akamuuliza kupitia kwangu hiyo inasema maji yanatulia kupwa saa ngapi, akasema saa nne na robo. Nahodha akatikisa kichwa, si kwa kukataa, kwa kushangaa kuwa mtu analipia kitu hicho. Maana mtu wa pwani yetu anajua, bamvua maji yanapwa saa nne, asubuhi na usiku, na kujaa ni saa kumi, ikiwa mwezi mpevu au mwezi mwandamo ni hivyo hivyo, kisha kila siku inasogea mbele kama dakika 50 mpaka ufike kwenye maji mafu, hapo bahari haiendi mbali wala haiji karibu. Huhitaji simu, unahitaji kujua leo mwezi ngapi kwa tarehe za kiislamu tu. Nilipomtafsiria akanyamaza kidogo, akaizima simu akaitia ndani ya mfuko wa plastiki. Alisema kwao hilo la kuujua mwezi na maji kwa kichwa ndo wanalohangaika kujifunza vitabuni.

Kwenye mwamba nilimpiga mkono. Naomba radhi kwake mpaka leo, lakini ilibidi. Aliinama kwenye kidimbwi akaona konokono mzuri kupita kiasi, mrefu kama koni ya aiskrimu, ana michoro ya kahawia kama kitambaa cha kufumwa, anataka kumshika. Yule anakuwa hai, ana mwiba kama sindano anautoa mdomoni na una sumu, kuna aina zake zimeua watu na hospitali haina dawa ya kuizima sumu ile, wanakusaidia kupumua tu mpaka iishe. Nimekua naambiwa hivyo na bibi, baadae nikaja kusoma nikakuta ni kweli. Nahodha akasema "huyo mchawi wenu mbona hamjui mchawi mwenzake", na nikaona hofu imemtoka, ameanza utani.

Hakuokota kitu Misali, askari wa hifadhi alikuja kutusalimia na kutukumbusha kwa upole. Mgeni akawa kama kapungukiwa, nikamwambia Jumamosi nna ofu, nakupeleka kwa bibi.

Bibi anakaa kaskazini huku, mashamba ya karafuu yanapoishia ukaanza kusikia bahari. Tulifika kakaa barazani anasuka ukili. Mgeni macho yote yakenda kwenye dondo. Dondo kama hulijui ni ile kauri kubwa ya madoadoa, laini kama yai, bibi analo moja tokea sijazaliwa limekuwa jeusi kwa mikono, linakaa siku zote karibu na chetezo cha ubani. Mgeni akanong'ona, hili kinga ya nini? Mie nami nikatega sikio, maana miaka yote nilidhani lina mambo yake, utotoni tulikuwa hatuligusi.

Bibi akasema ni la kulainishia mshono wa kofia.

Basi. Babu alikuwa akishona kofia za vito, zile za kudarizi kwa mkono, yeye bibi analalisha mshono kwa dondo. Kulikataza ni kwa sababu tungelivunja. Nilicheka peke yangu, kumbe nimeogopa pasi ya nguo miaka ishirini na kitu.

Lakini usije ukasema bibi hana mambo. Anayo. Chumvi ya mawe anamzungushia mtoto kichwani mara saba na kuitupa motoni, ikipasuka kwa kelele anasema umeona jicho hilo. Maji ya bahari anachota maji yakiwa yanatoka, hachoti yakiwa yanaingia, anakogea mtu mwenye nuksi kisha mabaki yanarudishwa pale pale, hayamwagwi uani. Hapa mgeni alimuuliza kwa nini yasilazwe kwenye kichupa. Bibi akashangaa: "Nuksi uliyoitoa unaiekea nini ndani?" Na magharibi haendi pwani, hata kama kasahau kanga yake pale. Wenzetu wa Makunduchi kule Unguja nao wana Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa kienyeji, kila mwezi wa saba, watu wanatazama vita vya mabua ya migomba na kile kibanda kinachochomwa, wanasahau kuwa neno lenyewe ni kukoga, mwaka unakwenda kuukoga baharini.

Na mchanga. Mgeni alipotaja kuandika mchangani bibi akasema hiyo ni ramli, na kwa kweli ramli kwa Kiarabu ndo mchanga wenyewe, wapigaji wa zamani walikuwa wanachora nukta zao mchangani hivyo hivyo, wanapata maumbo kumi na sita wanayasoma. Bibi hapigi ramli, anasema ni haramu, na kaka yangu akisikia hata hizo habari za chumvi anasema shirki moja kwa moja, wakikutana sikukuu ya Idi wanabishana mpaka pilau inapoa. Mie nipo katikati. Nikiandamwa na mambo najikuta Jumapili alfajiri nipo ndani ya maji mpaka shingoni, nasoma Falaki, na sijui kama hapo nafanya dini au mazoea ya bibi au nimechoka tu nataka baridi.

Kabla hatujaondoka bibi kampa kitu. Komwe. Mnazijua, zile mbegu za kijivu ngumu kama jiwe zinazotoka kwenye mkomwe, kile kichaka cha miba kilichoota juu ya ufuko, wazee wanachezea bao, unahitaji 64 bao likamilike. Mgeni kaishika mkononi akatoa sauti. Akasema kwao visiwa vya Hebrides bahari huwa inaleta mbegu hizi hizi, zimeelea kutoka upande wa Karibi kwa miezi na miezi, na zamani wanawake walikuwa wakiwavalisha watoto shingoni dhidi ya kijicho, kuna mtu wa huko huko anaitwa Martin Martin aliandika habari hizo mwaka 1703, ati ile nyeupe ikigeuka nyeusi ujue mtoto kuna mtu kamdhamiria ubaya. Nikamtafsiria bibi neno kwa neno. Hakushangaa hata kidogo. Akauliza tu, "na bao wanacheza?"

Hawachezi. Bibi akasikitika kweli.

Kisha akamfundisha kitu kimoja ambacho kila mtoto wa pwani anakijua, unaisugua komwe kwenye saruji ya baraza haraka haraka mara kama ishirini halafu unamgusisha mwenzio mkononi. Inaunguza kama kijiko kilichotoka kwenye chai. Yule mama wa watu kapiga ukelele, bibi na miaka yake yote kacheka anapiga mapaja, kitoto cha jirani kikaja mbio kutaka zamu yake.

Siku anaondoka alinipa mfuko, kauri zote zimo na tumbawe na kichupa, akanambia nivirudishe. Sijui ni bibi au ni mie niliyemwambia kuwa matumbawe yanazuiliwa kuvuka mipaka bila kibali, labda yote mawili. Kauri zile nilizitazama kidogo kabla ya kuzimwaga. Zamani wafanyabiashara wa Kijerumani kina Hertz wa Hamburg walikuwa wanazipakia hapa Zanzibar kwa shehena nzima kuzipeleka Afrika Magharibi, huko zilikuwa pesa, wananunulia mafuta ya mawese, na mie nimezishika gao zima hazininunulii hata vocha. Moja ilikuwa na kakaa ndani, kale kanakoishi kwenye gamba la kuazima. Kamekaa siku nne kwenye kanga kitandani maskini. Kakatoa mguu, kakaangalia, kakenda zake.

Komwe aliondoka nayo. Wiki mbili baadae katuma picha wasapu, ipo dirishani kwake, nje mvua na kijivu kitupu. Nikampelekea bibi ile picha, kaitazama muda mrefu simu ameishika mbali na macho, kisha akanitumia voisi, sekunde nne tu:

"Mwambie asimuunguze mtu mzima, kwao wanashtakiana."