Mabuu wekundu walivyonitoa jasho

Walionisukuma kwenye vinasaba ni mabuu wa usubi wasiouma, wale wembamba wekundu wanaojichimbia kwenye tope la mtoni. Kwenye hadubini niliwaona wote pacha. Ili uwatofautishe sharti ukate kichwa, ukibandike kwenye kioo na kuhesabu vijino vya kidevu, na mara nyingi bado hufiki kwenye spishi. Nikaamua kusoma msimbopau wao, yaani kipande cha vinasaba kinachosaidia kutambua spishi: kipande cha jeni ya COI chenye jozi za besi (herufi za vinasaba) 658 hivi, ambacho Paul Hebert na wenzake walikipendekeza mwaka 2003.

Kuwakusanya si kazi. Unasimamisha wavu, unavuruga kokoto kwa mguu upande mkondo unakotoka, maji yanakuletea wadudu. Kilichoniponza ni chupa. Nilishindilia wadudu, majani na mchanga humohumo, nikamimina ethanoli ya asilimia 95, nikafunga nikijiona nimemaliza. Wiki mbili baadaye ethanoli ilikuwa rangi ya chai. Nikafanya PCR, yaani kukinakili kipande hicho mara nyingi, nikakipitisha kwenye jeli ambako kikiwepo huonekana kama mstari. Jeli ikatoka nyeusi tii, hakuna hata mstari. Mdudu ana maji mengi mwilini. Nilikuwa nimeizimua ethanoli kwa wadudu wenyewe.

Safari ya pili niliwachambua siku ileile, nikaweka ethanoli nyingi kuliko wadudu, kesho yake nikaibadilisha. Lebo niliandika kwa penseli. (Wino huyeyuka. Msiniulize nimejuaje.)

Mabuu wenye miguu niliwakata mguu mmoja tu, mwili ukabaki kielelezo. Tumbo sikuligusa, kwani anayekula wenzake hubeba vinasaba vyao. Kati ya mdudu na mdudu nilipitisha kibanio motoni. Na kila sahani ya PCR, yenye vitundu vya sampuli, niliiachia tundu moja la maji matupu, lisilo na mdudu: siku moja tundu hilo nalo likatoa mstari, nikatupa sahani nzima. Iliniuma, lakini uchafu ukishaingia huwezi kujua umeishia wapi.

Konokono walinisumbua kwenye PCR mpaka nikashusha joto la kunasisha vianzishi (vipande vifupi vya vinasaba vinavyoanzisha unakili) kutoka nyuzi 50 hadi 45, wakaitika baadhi.

Wale wekundu pacha? Walikuwa makundi matatu. Mawili yalipata majina kwenye BOLD, hifadhidata ya misimbopau ya spishi, la tatu halikufanana na chochote. Usubi hawa wengi wamepewa majina kwa kuangalia madume waliokomaa, kwa hiyo sasa nafuga mabuu kwenye beseni lenye pampu ya hewa, chandarua juu, nasubiri dume.