Jessica Mitford na biashara ya msiba

Wiki hii nzima mwandishi Jessica Mitford hanitoki kichwani. Nimemaliza The American Way of Death, kitabu chake cha 1963 kuhusu biashara ya mazishi Marekani, na bado narudia kurasa zake.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1917, binti wa Lord Redesdale, kwenye nyumba ambayo mama hakuona haja ya kuwapeleka mabinti shule. Dada yake Diana aliolewa na Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza. Dada mwingine, Unity, akawa mtu wa karibu wa Hitler. Jessica akashika njia yake. Tangu utotoni alidunduliza benki pesa za kutorokea, na mwaka 1937, akiwa na miaka 19, akatoroka kweli na Esmond Romilly, mtoto wa shemeji yake Churchill, wakaelekea Hispania kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mtoto wao wa kwanza alikufa kwa surua angali mchanga. Esmond naye akafa vitani 1941, akiwa katika jeshi la anga la Kanada.

Wengi wanaomzungumzia huishia kwenye ukoo. Mimi kinachonivuta ni namna alivyofanya kazi.

Mume wake wa pili, Robert Treuhaft, mwanasheria wa Oakland, aliona kuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi akifa, mafao yanayoachiwa familia yanaishia kwa wenye kampuni za mazishi. Jessica akaanza kusoma majarida ya wafanyabiashara hao, yale wanayoandikiana wenyewe kwa wenyewe. Mle hawafichi kitu. Wanafundishana hata jinsi ya kupanga majeneza dukani: mteja aongozwe upande wa kulia, kwenye ya bei kubwa, kwa kuwa watu wengi wakiingia mahali hugeukia kulia, ya bei nafuu yakae kushoto.

Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwanza. Tulipofiwa na mjomba, niliandamana na wazee kununua jeneza. Baba yangu mdogo, mtu anayepatana bei hata ya fungu la mchicha, siku ile hakuuliza chochote. Alionyesha kidole, akalipa. Nani anataka kuonekana anambania marehemu? Muuzaji analijua hilo kabla hujavuka kizingiti.

Mitford alieleza pia, hatua kwa hatua, maiti inavyotiwa dawa, kushonwa na kupakwa rangi ili ionekane imelala. Kuna wahariri waliotaka sehemu hiyo itolewe. Alikataa, na kitabu kikauzwa sana. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ikaanza kuzilazimisha kampuni za mazishi kutoa orodha ya bei kwa kila huduma, na kumtajia bei anayeuliza hata kwa simu. Kwa mfiwa, simu hiyo ni kitu kikubwa: unauliza ukiwa nyumbani, umezungukwa na ndugu, hakuna anayekusimamia.

Baadaye aliiandama shule ya uandishi kwa njia ya posta iliyowatoza wazee na wapweke ada kubwa, kisha magereza, ambako kampuni za dawa zilifanyia wafungwa majaribio. Kitabu chake hicho cha magereza, cha mwaka 1973, ndicho nimekianza jana usiku.