Kabla ya kupanda jukwaani, fuata namba moja

Siku hizi kila kongamano la afya lina kiti cha mbobezi wa afya ya kidijitali, na vijana wengi wanauliza mtu anakifikiaje. Wengi huanza na cheti cha akili mnemba na kupamba ukurasa wa LinkedIn. Sawa, havidhuru. Ila njia ninayoiamini ina vumbi zaidi: chukua namba moja kwenye dashibodi, rudi nayo hadi kwenye daftari la kituo, ueleze ilipopindia. Mwenye kuliweza hilo husikilizwa hata na mganga mkuu wa wilaya aliyechoka na mafunzo.

Mfano ni Jørn Braa, mtafiti wa mifumo ya taarifa za afya wa Chuo Kikuu cha Oslo. Mradi wa HISP, wa kujenga mifumo ya taarifa za afya, alioushiriki ulianza Afrika Kusini mwaka 1994, ubaguzi wa rangi ulipokuwa ukifikia mwisho na idara za afya zikiwa zimegawanyika, kila moja na fomu zake. Kazi kubwa ya mwanzo ilikuwa mezani: kukubaliana data chache ambazo kila kituo lazima kikusanye. Programu ya kompyuta iitwayo DHIS ilikuja kuzibeba data hizo, na toleo la mwanzo lilijengwa juu ya Microsoft Access. DHIS2, ile ya mtandaoni, ilianza kutumika Kerala, India, mwaka 2006. Kenya ikaisambaza nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania nayo inapitishia humo taarifa za MTUHA, mfumo wake wa taarifa za huduma za afya.

Basi chukua Penta 3, yaani dozi ya tatu ya chanjo ya watoto inayokinga magonjwa matano, kituo kimoja cha afya, mwezi mmoja. Fungua rejesta ya watoto, kitabu namba 7 cha MTUHA, uhesabu kwa kidole mistari yenye tarehe ya Penta 3 ndani ya mwezi huo. Usihesabu kwa tarehe mtoto alipoandikishwa. Hapo ndipo wageni wengi hukosea, maana aliyeandikishwa Machi anaweza kupata dozi ya tatu Juni. Kisha tazama fomu ya tali, ambako kila dozi huchorwa kijistari, halafu ripoti ya mwezi, mwisho kompyuta, yaani DHIS2. Utakuwa na namba nne.

Tuseme rejesta inasema 41, tali 50, ripoti 50, kompyuta 50. Gawa 41 kwa 50 upate 0.82. Kwa kawaida ya ukaguzi wa data, kati ya 0.90 na 1.10 panavumilika, chini ya hapo kituo kimeripoti zaidi ya kilichoandikwa. Usikimbilie kusema wamepika. Ripoti na kompyuta zimekubaliana na tali, kwa hiyo kosa liko kati ya tali na rejesta. Uliza siku za huduma ya mkoba, ile inayotolewa nje ya kituo: mara nyingi muuguzi yuko peke yake chini ya mwembe na kina mama sitini, anachora tali palepale, rejesta anasema ataijaza akirudi. Hao tisa huenda walichanjwa kweli. Kadi zao za kliniki ndizo zitakazoamua, siyo wewe.

Sasa njoo kwenye skrini, ambako wataalamu wa kompyuta hujiona salama. Kituo hicho kina lengo la watoto 600 kwa mwaka. Ukigawa 50 kwa 600 unapata asilimia 8.3, mtu anaona chanjo zimeporomoka. Hazijaporomoka, ni dozi za mwezi mmoja zilizogawiwa kwa lengo la mwaka: kiashiria hakikuwekewa tiki ya kukigeuza kuwa cha mwaka. Iweke, namba inaruka hadi karibu asilimia 100. Kwa namba ya rejesta ingekuwa karibu 82. Pengo hilo la karibu asilimia 18 lina thamani kuliko slaidi arobaini.

Kuna mengine ya hapohapo. Ukamilifu wa ripoti kwenye DHIS2 huhesabiwa kwa kubonyeza kitufe cha kukamilisha, kwa hiyo fomu tupu iliyobonyezwa inahesabika imeletwa. Sifuri nayo haihifadhiwi mpaka kipengele husika kiruhusiwe kuihifadhi. Bila hivyo huwezi kutofautisha mwezi usio na kifo cha mama na mwezi ambao hakuna aliyejaza. Na data iliyoingizwa asubuhi haionekani kwenye chati mpaka majedwali ya uchambuzi, ambayo chati husoma, yatengenezwe upya, kazi ambayo kwa kawaida hupangwa usiku. Simu nyingi za "mfumo umekula data zetu" zinaishia hapo.

Penta 3 kuzidi Penta 1 kwa mwezi mmoja kunaweza kuwa kweli: chanjo ziliisha mwezi uliopita, watoto wakarudi kwa pamoja. Ikizidi kwa mwaka mzima, rudi kwenye rejesta.

Matokeo yaandike ukurasa mmoja: namba nne, sababu inayodhaniwa, nani atarekebisha na lini. Mwonyeshe muuguzi kabla haujafika wilayani. Mara nyingi atakupa sababu ya tano ambayo hukuiwaza. Na kurasa za rejesta usizipige picha ukatupia kwenye kundi la WhatsApp. Zina majina ya watoto na mama zao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023. Nakili jumla tu, kitabu kirudi kabatini.