Ile Hela ya Bibi

Januari 2004 nilikwenda Bahi kumsaidia Bibi palizi ya uwele. Jioni moja akanituma chumbani nimletee kopo lake la ugoro. Chini ya ugoro vidole vikagusa sarafu iliyotobolewa ukingoni, imelika hadi ikawa laini kama kokoto ya mtoni.

"Hii nini, Bibi?"

"Hela."

"Najua ni hela, ila ya wapi?"

"Shilingi ni shilingi, senti ni senti. Hiyo ni hela. Baba yangu alinivisha shingoni nikiwa mtoto."

Nikasema moyoni, uzee huo. Nilikuwa kidato cha tano, na kidato cha tano hakuna usichokijua. Usiku nikaisugua kwa ukwaju na majivu, ikawaka njano. Dhahabu! Nililala nikijenga nyumba Area C.

Asubuhi nikapanda basi la Dodoma na kopo mfukoni. Sonara mmoja karibu na Soko la Majengo akaikwaruza kwenye jiwe lake jeusi, akadondoshea tindikali. Mchirizi ukatoweka. "Brasi," akasema, akaendelea na kazi yake. Nyumba ikaanguka.

Nikaishia kwa mwalimu mstaafu wa historia, jirani yetu. Kabla hata sijamaliza shikamoo akauliza nani kaisugua; ukwaju ule ulikuwa umekula hata kidogo kilichobaki. Akafunga dirisha, akawasha tochi, akailaza karibu kabisa na meza ili mwanga upite kwa ubavu. Vivuli vikaibuka: taji, na chini yake D na A. Upande wa pili 20, LER, na T ndogo.

"Ya Mwingereza," nikasema. "Taji hilo, na T ni Tanganyika."

Akacheka. Shilingi ya Mwingereza ilikuwa na simba, na senti zake kumi zilikuwa na tundu katikati tangu kiwandani. Hili letu la msumari, pembeni. Tena jina la Tanganyika lilikuja 1920, Mjerumani keshaondoka. T ni Tabora. Mwaka 1916 manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba pwani, sarafu kutoka Ujerumani haziingii, basi karakana ya reli Tabora ikageuzwa kiwanda cha pesa, ikifyatua sarafu za brasi. Reli ileile inayopita Bahi. Hapohapo walipiga na za dhahabu za rupia 15, zenye tembo, kwa dhahabu ya Sekenke, huku kwetu upande wa Singida. (Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika yangu si ya tembo.) Kazi hiyo haikudumu: Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji.

Kisha akaweka karatasi juu ya sarafu, akapitisha penseli taratibu. LER ikatoka vizuri kuliko kwenye tochi. Akajazia herufi zilizofutika mbele yake: HELLER. Mia moja zilifanya rupia moja.

"Soma."

"Hela," nikasema, na masikio yakapata moto.

Nilirudi Bahi giza limeingia. Bibi alikuwa jikoni anasonga ugali, mlenda uko pembeni.

"Bibi, nimeijua ile sarafu. Ni hela."

"Ehee." Akapokea kopo, akachungulia ndani. "Na ugoro wangu umeumwaga wapi?"