Nilivyofanikiwa kuendesha pikapu juu ya Ziwa Mille Lacs lililoganda

Mtu akihamia Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, na akapenda kuvua, hatakosa wa kumshauri kuhusu kushusha gari kwenye barafu. Mimi nilipewa ushauri wa namna mbili, tena na watu wengi, na namna zote mbili ndizo zinazozamisha magari. Wa kwanza: "Ukiona wenzako wamepita, na wewe pita." Wa pili: "Kaka, we kanyaga mafuta tu, barafu isipate nafasi ya kupasuka." Huu ni msimu wangu wa sita wa kwenda na pikapu mpaka walipo samaki aina ya walleye, na kila mara nimerudi nayo nchi kavu, kwa kufanya kinyume cha hayo yote.

Nianze na la kukanyaga mafuta, maana ndilo linaloniudhi zaidi. Barafu inaelea. Gari likiwa juu yake, inabonyea, na gari likitembea, ule mbonyeo unatembea nalo na kusukuma wimbi la maji chini ya barafu. Wimbi hilo lina mwendo wake unaotokana na kina cha ziwa. Chukua kina kwa mita, zidisha kwa 9.8, tafuta kipeuo cha pili, utapata mwendo wake kwa mita kwa sekunde. Penye kina cha mita 3 ni kama kilomita 20 kwa saa. Penye mita 10 ni kama kilomita 35. Ukienda sawasawa na wimbi unalikuza: kila unapoongeza mita moja unalipa nguvu lilelile, mpaka barafu ambayo ingelibeba gari lako bila shida inavunjika. Mille Lacs ni pana sana lakini si la kina kirefu, pale pa chini kabisa ni kama mita 13 tu, na karibu na ufuko ni mita mbili tatu. Kwa hiyo mwendo wa kilomita 20 ambao mtu anauona wa upole ndio hasa mwendo wa wimbi pale ufukweni. Mimi nakwenda chini ya kilomita 15 kwa saa, na nikikaribia ufuko nashuka mpaka mwendo wa mtu anayetembea. Tena siuendei ufuko uso kwa uso, naukata kwa mshazari, kwa sababu wimbi likigonga kina kifupi linarudi, na hutaki likukute njiani. Gari la mbele likiwa linatembea, liache liende mbali kabla hujalifuata, mawimbi yenu yasikutane.

Sasa unene. Idara ya Maliasili ya Minnesota inatoa vipimo, na mimi navifuata bila kupunguza: inchi 4 kwa mtu anayetembea kwa miguu, inchi 5 mpaka 7 kwa pikipiki ya theluji, 9 mpaka 10 kwa gari dogo, 11 mpaka 12 kwa pikapu ndogo, 13 kwa pikapu ya kati kama yangu, 16 mpaka 17 kwa pikapu nzito, na 20 au zaidi ukiwa unavuta kibanda cha kuvulia chenye magurudumu. Namba hizo ni za barafu mpya, ngumu, inayopitisha mwanga. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wanapima unene wasiangalie rangi.

Barafu nyeupe inatokana na theluji iliyolowana ikaganda. Ina mapovu ya hewa ndani, na nguvu yake huhesabiwa nusu ya ile safi. Kwa hiyo inchi 6 za barafu nyeupe unaziandika kama inchi 3. Tatizo ni kwamba ukishatoboa tundu mpaka chini, maji yanajaa na huoni tena tabaka zilivyokaa. Mbinu yangu ni hii, na naipenda kuliko kifaa chochote nilichonunua: natoboa kwa keekee ya barafu inchi kama 10, nasimama kabla ya kufika majini, natoa vumbi lote kwa upawa wenye matundu, halafu namulika ukuta wa tundu kwa tochi. Nyeupe inaonekana inakoishia, na safi inaonekana inakoanzia, kama mstari wa rangi ukutani. Napima ile nyeupe kwanza. Kisha namalizia kutoboa, nateremsha kijiti nilichokipigilia msumari na kuukunja mwisho wake, nakivuta juu mpaka msumari ukamate tumbo la barafu, hapo nasoma unene wote. Futi ya kawaida itakudanganya kwa sababu huwezi kuhisi barafu inapoishia. Kijiti hicho hakikunigharimu kitu.

Siku moja mwanzoni mwa Januari kijiti hicho kiliniambia inchi 14. Mbele yangu zilikuwa zimepita pikapu kama saba, alama za matairi wazi kabisa, na niliyekuwa naye alishaanza kurudi garini. Lakini tochi ilionyesha inchi 6 za juu ni nyeupe. Piga hesabu: 8 safi, na 6 zinazohesabiwa 3, jumla 11. Ipo kanuni ya mtafiti wa Kanada, Lorne Gold, ambayo watu wa barabara za barafu wanaitumia: unene kwa sentimita, mara wenyewe, mara 4, unapata kilo. Inchi 11 ni kama sentimita 28, kwa hiyo 28 mara 28 mara 4 ni kilo 3,136. Pikapu yangu na watu wawili, hema la kuvulia, jiko la gesi na keekee inakaribia kilo 2,900. Imebaki kilo mia mbili na kitu, na mbele kuna nyufa ambazo sijaziona. Tuliliacha gari nchi kavu, tukavuta vifaa kwa sleji ya plastiki mwendo wa nusu saa. Wale saba walirudi salama, ni kweli. Lakini walipita alfajiri kabla hewa haijapata joto, na sikujua uzito wa magari yao wala njia waliyorudia. Alama ya tairi haina habari yoyote kuhusu hayo.

Kanuni ile inaonyesha pia kwa nini unene mdogo unaoongezeka ni jambo kubwa. Barafu ikiwa nene mara mbili inabeba mara nne. Na ikipungua robo tu, umepoteza karibu nusu ya nguvu. Ndiyo maana sipimi mara moja. Natembea mbele ya gari na mtaimbo, nagonga kila hatua chache, na natoboa kila mita 45 hivi. Mtaimbo ukipenya kwa mapigo mawili matatu, rudi ulikotoka, kwa nyayo zako zilezile. Penye mto unaoingia, penye chemchemi, penye mlango mwembamba kati ya visiwa, penye matete na penye mashine za kupuliza hewa majini, barafu inaweza kuwa nusu ya ile iliyo mita kumi tu kutoka hapo. Theluji nene nayo ni blanketi: chini yake barafu inakua polepole, na uzito wake unaididimiza mpaka maji yanapanda juu na kufanya tope la barafu.

Gari likishafika, hatari haijaisha. Watu wengi wanadhani gari lililosimama ni salama kuliko linalotembea. Kwa saa moja, sawa. Lakini barafu chini ya mzigo usioondoka inaendelea kujipinda kidogo kidogo, na kanuni ya Gold haihesabu gari lililoegeshwa siku nzima. Idara wanashauri magari yaachane mita 15 na yasogezwe kila baada ya saa mbili, na wanashauri utoboe tundu kando ya gari. Tundu hilo ndilo lililotuokoa.

Tulikuwa magari matatu, upepo unakata, na wenzangu wakayasogeza magari yao karibu na langu ili yatukinge. Niliona yamebanana, nikanyamaza. Hilo kosa ni langu, nilipaswa kukataa palepale. Barafu ilikuwa na nguvu ya inchi 13 baada ya hesabu. Inatosha pikapu moja, haitoshi tatu zilizogusana vioo. Nilikuwa nimetoboa tundu langu usawa wa mlango wa dereva. Maji kwenye tundu la kawaida yanakaa chini kidogo ya uso wa barafu, kwa sababu barafu inaelea na sehemu yake ndogo inatokeza. Baada ya kama saa moja na nusu nilitoka hemani nikaona theluji kuzunguka tundu imekuwa ya kijivu. Maji yalikuwa yanatoka polepole, bila kelele, yakitambaa kuelekea kwenye tairi. Maana yake uso wa barafu pale ulikuwa umeshuka chini ya usawa wa ziwa. Tulikuwa tumekaa ndani ya bakuli, na maji yanayopanda yanaongeza uzito juu ya uzito.

Tulifanya hivi. Watu wote waliondoka kwa miguu kwanza, mita hamsini, wakiwa wametawanyika. Gari lililokuwa pembeni kabisa likatoka la kwanza, dereva peke yake, madirisha chini, bila mkanda, gia ya chini, bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Tukasubiri dakika kadhaa barafu itulie. La pili likaondoka upande mwingine. Langu, lililokuwa katikati, likawa la mwisho. Nilivyorudi kutazama lile tundu baadaye, maji yalikuwa yameshuka tena chini ya uso wa barafu. Ilikuwa imeinuka yenyewe. Tangu siku hiyo, mtu akiniegeshea karibu namwomba asogee, hata kama ni mkubwa wangu kiumri na namwita mzee kwa heshima zote.

Usiegeshe kando ya tuta la theluji iliyosukumwa na trekta. Tuta ni mzigo na pia linazuia barafu kuganda chini yake. Usitoboe matundu ya kuvulia karibu na magurudumu.

Madirisha chini na mkanda wazi si kitu cha siku ya dharura tu. Ndivyo ninavyoendesha kila mara niwapo kwenye barafu, hata kwenye baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri, hita ikiwa juu kabisa. Gari likizama linaelea kwa muda wa nusu dakika mpaka kama dakika mbili, pua ikitangulia kwa sababu ya injini. Mlango hausukumiki maji yakishaubana, na madirisha ya umeme yanaweza kukataa. Unatokea dirishani mara moja. Jaketi la kujiokolea nalivaa nikitembea, nalivua nikiingia garini, kwa sababu garini litakubana darini wakati njia ya kutokea iko chini. Kinyundo cha kuvunjia kioo ni kizuri, ila magari mapya mengi yana vioo vya pembeni vya tabaka mbili visivyovunjika kwa kinyundo; angalia maandishi kwenye kona ya kioo chako.

Shingoni navaa misumari ya kujiokolea, vishikio viwili vya mbao vyenye ncha, kama dola kumi na kitu. Ukitumbukia, kumbuka mafundisho ya Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono bado inakutii, saa 1 kabla baridi haijakupotezea fahamu. Geukia ulikotoka, maana barafu ile ndiyo iliyokubeba. Choma misumari, piga miguu kama unaogelea, jivute kwa tumbo, halafu bingirika, usisimame.

Nimekulia Mwanza, ambako swali la kwanza kabla ya kuingia ziwani ni upepo. Hapa pia nauliza upepo. Upepo ukigeuka unafungua nyufa ambazo asubuhi zilikuwa zimefumba, na kwenye Ziwa Upper Red, Novemba 2022, kipande kikubwa cha barafu kilikatika na kuwaacha karibu wavuvi 200 upande wa pili wa maji. Ufa mwembamba uliokauka naukata kwa pembe mraba, baada ya kutoboa pande zote mbili. Ufa wenye maji, au mahali barafu imepandana na kufanya tuta, siujaribu. Kwenye Mille Lacs wenye nyumba za wageni wanasukuma theluji kufungua barabara juu ya barafu, wanapima kila siku na wanaweka madaraja juu ya nyufa kubwa, na wanatoza kitu kama dola ishirini kwa gari. Lipa. Gari likizama, sheria ya Minnesota inakupa siku 30 kulitoa, na wapiga mbizi wenye winchi wanatoza maelfu ya dola. Uliza pia bima yako; ile ya msingi hailipi.

Mwezi wa Machi sishushi gari kabisa, hata kijiti kikisoma inchi 24. Jua la Machi linaichambua barafu kuwa vijiti vilivyosimama wima, na unene wote ule unaachana kwa pigo moja la mtaimbo.

Ukifika nchi kavu, gonga barafu yote iliyoganda ndani ya matao ya magurudumu kabla hujaingia barabara kuu, kanyaga breki mara kadhaa ukiwa unatembea polepole zikauke, na usiku huo usivute breki ya mkono. Itaganda, na asubuhi gari halitaondoka.